Mtani Aliyevaa Sweta la Bibi

Ukitaka kuhakikisha haya ninayokusimulia, njoo Tandika. Uliza nyumba ya marehemu Mama Getruda, hata mtoto anayecheza mpira njiani atakuonyesha. Utanikuta barazani kwenye cherehani yangu, jua linawaka mpaka kuku wamejificha uvunguni mwa meza, na mimi nimevaa sweta la kahawia. Liguse, usiogope. Vifungo vyake ni vya kahawia isipokuwa kimoja cha buluu, ambacho nilikikata kwenye sweta langu la shule nikiwa mdogo nikakishona mwenyewe, tena kwa kupinda. Sweta hilo nilimvalisha Bibi yangu kwa mikono hii hii, mochwari, mama mkubwa Lusia akiwa ameshika mabega ya marehemu. Tukafunga vifungo, tukamlaza kwenye jeneza, tukamzika nalo. Sasa wewe unayejiandaa kuniambia mambo haya hayapo, anza kunieleza hapo kwanza.

Sisi ni Wangoni. Bibi aliletwa Dar akiwa mtoto wa mgongoni, baba yake alipokuja kutafuta vibarua bandarini. Mama yake alikuja na sweta hilo kutoka kwenye baridi ya Songea, na alipofariki, Bibi akalirithi. Alikuwa bado msichana mdogo, ameachiwa mdogo wake wa kike anayetambaa. Akamlea. Akaolewa, akazaa, akazika watoto, akalea wajukuu, akafika mpaka kulea mtoto wa mjukuu, yote hayo ndani ya nyumba moja iliyoanza ikiwa ya udongo na makuti, ikaja kuwa ya tofali na bati. Mama yangu, huyo Getruda ambaye Bibi aliitwa kwa jina lake, alifariki mimi sijaanza shule na mdogo wangu Agnes bado ananyonya. Mama tuliyemjua ni Bibi.

Na alikuwa mama kwelikweli. Alikaanga mihogo nje ya geti la shule yetu, si kwa sababu hapo palikuwa na biashara nzuri, bali apate kutuona wakati wa mapumziko. Mtoto akikusukuma, Bibi aliacha karai motoni akaingia shuleni na upawa mkononi. Mwalimu mkuu alikuwa anamwogopa, usione nacheka. Usiku ukikohoa, kabla hujarudia kikohozi cha pili yeye ameshafika na mafuta ya kukuchua kifua. Alikula wa mwisho, mara nyingi ukoko, na akatuambia ndio anaoupenda. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa hapendi ukoko hata kidogo.

Jambo moja tu lilitushangaza. Bibi hakuwahi kulala nje ya nyumba ile. Babu alipata kazi Tanga, akaenda peke yake, akawa anarudi mwisho wa mwezi mpaka alipofia huko, na mwili ukaletwa kwa sababu mke wake alikataa kuufuata. Mwanawe akaoa Mwanza, hakwenda. Mama mkubwa Lusia, anayeuza ndizi sokoni Mabibo, alimjengea chumba kizuri chenye feni ili akapumzike, hakwenda kukiona. Ukimbembeleza, alikujibu kwa maneno yale yale kila mara: "Mie nilishasema nakaa." Tukayageuza kuwa mzaha wa nyumbani. Ukimtuma mwenzako dukani, anajinyoosha kwenye mkeka na kukujibu, mie nilishasema nakaa. Bibi alikuwa hacheki. Tukimuuliza pia kwa nini anavaa sweta kwenye joto la Dar, alisema akilivua anasikia baridi.

Mwaka aliougua, mimi nilikuwa na safari yangu. Deo, mwalimu, alikuwa ameleta posa na imepokelewa, kisha akahamishiwa Mwanza. Alitangulia kutafuta nyumba, na kwenye simu alikuwa akinieleza dirisha lipi litapata mwanga wa kutosha kwa cherehani yangu. Nilimpenda Deo, nasema wazi. Nilibaki kwa ajili ya Bibi tu, na Bibi alijua. Alasiri moja nilikuwa namwosha miguu kwenye beseni, akanishika mkono. Yeye alikuwa akiniita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Mke mwenzangu," akasema, "mie nikienda, na wewe nenda. Mfuate mwenzio. Na mtu akija kukuuliza, usiseme unakaa."

Nikamuuliza mtu gani. Akasema atakuja tu, na mimi nisiseme. Niamini, nilicheka. Nilidhani ni dawa za hospitali zinamchanganya, na tena ni ule mzaha wetu wa siku zote. Yeye akanitazama kwa huruma mpaka nikaacha kucheka, halafu akalala.

Baada ya hapo hakukaa sana.

Sasa, kama hukukulia kwenye utani, nikueleze kidogo, maana bila hilo hutaelewa tulivyokosea. Wahehe ni watani wetu sisi Wangoni. Kwenye msiba wetu mtani anakuja kama kwake. Anatukana wafiwa, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, analala mlangoni jeneza lisipite mpaka umpe anachotaka. Ukimkasirikia, wewe ndiye huna adabu. Msiba usio na watani ni msiba mkavu, watu wanaondoka na uchungu wao kifuani. Na mtani hapigwi maswali. Akisema mimi ni mtani, unamkaribisha, basi.

Wa kwetu alikuwa Mzee Kalinga, Mhehe, seremala wa mtaa wa pili. Alifika amefunga kilemba cha Bibi, upawa mkononi, akawafukuza waombolezaji uani akiwaita wanafunzi watoro. Watu walicheka wakilia. Na mimi nililia vizuri siku ile, nikasema moyoni Bibi ameagwa.

Asubuhi ya kuzika, mwili haujaletwa bado kutoka mochwari, akaingia mwanamke mmoja. Mrefu, mtu mzima sana, mgongo umenyooka. Hakuwa na mkoba wala kandambili. Akasimama kwenye mlango wa uani akasema amekuja kumuiga mtani wake. Wanawake wa jumuiya ya kanisani wakapiga vigelegele vya utani, wakamkaribisha chai. Hakuigusa. Akaomba nguo ya marehemu. Mimi ndiye niliyeingia ndani nikamletea kitenge cha Bibi, kile cha kwendea kanisani, nikamfunga kiunoni kwa mikono yangu.

Akatembea uani, akiburuta kidogo mguu wa kushoto kama Bibi. Akakohoa kile kikohozi cha Bibi cha kuanzia kooni na kuishia puani. Watu wakanyamaza, halafu wakacheka kwa nguvu kupita kiasi, unajua kile kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana ameogopa. Neema, binti wa mdogo wangu Agnes aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, alikuwa na umri wa kuanza shule tu. Alilelewa na Bibi. Akamkimbilia yule mama mikono mbele, na alipofika katikati ya ua akasimama. Akarudi kinyumenyume mpaka akajificha nyuma yangu. Mtoto alijua kabla yetu, na hakuna aliyemuuliza.

Sisi tulidhani mwanamke yule ni wa akina Mzee Kalinga. Akina Mzee Kalinga, nilikuja kusikia baadaye, walidhani ni ndugu yetu kutoka Songea anayejifanya mtani ili kutuchekesha. Hivyo kila upande ukamheshimu kwa ajili ya upande mwingine, na hakuna aliyemuuliza ukoo wake.

Tukazika. Yeye hakupanda basi la makaburini, alisema analinda nyumba. Tuliporudi tukanawa mikono kwenye beseni lililowekwa getini, wakaanza kupakua chakula chini ya turubai. Mama mkubwa Lusia akanishika mkono akaniingiza chumbani kwa Bibi. Kitanda kilikuwa kimetolewa, godoro liko sakafuni, kama ilivyo kwa mfiwa. Akaniambia mfiwa hazururi, nijinyooshe, ataniletea sahani. Akarudishia mlango.

Nilijilaza nikiangalia ukuta. Ilikuwa mchana, saa za jua kali, bati linalia kwa joto. Nje nasikia sahani na watu wanaulizana kama wali umebaki. Halafu nikasikia harufu ya mihogo ya kukaanga. Nikawaza, nani anakaanga mihogo msibani? Nikageuka.

Yule mama alikuwa amekaa sakafuni, ameegemeza mgongo mlangoni, miguu ameinyoosha mbele kama Bibi alivyokuwa anakaa akichambua mchele. Sikusikia mlango ukifunguliwa. Alikuwa amevaa sweta la kahawia. Nikaangalia vifungo. Nikakiona kile cha buluu, na uzi wangu wa kitoto umepinda vile vile.

Huwa naulizwa kwa nini sikupiga kelele pale pale. Wewe ungepiga? Kwanza nilijaribu kufanya kama ninavyojua. Nikamtania. Nikamwambia mtani, mwenzako ameshazikwa, kazi yako imekwisha, nenda kale kabla Wangoni hawajamaliza nyama.

Hakucheka. Akasema kwa sauti ya Bibi, si ya kuiga, ya Bibi mwenyewe:

"Mke mwenzangu, nani atakaa na watoto?"

Bibi aliniita hivyo tukiwa wawili tu, hakuna mtu wa nje aliyewahi kumsikia. Nikasimama nikamwambia apishe nitoke. Akauliza tena, vile vile, bila hasira. Nikamshika mkono nimvute. Mkono ulikuwa wa baridi na haukusogea, kama vile nimeshika nguzo ya nyumba. Nikavuta kitasa juu ya kichwa chake, mlango ambao siku zote haushiki mpaka ufungwe kwa kamba ukakataa hata kucheza. Na chumba kikaanza kuwa cha baridi. Dar hii hii, mchana ule ule. Meno yalianza kugongana.

Nikaenda dirishani. Dirisha letu lina nondo na wavu wa mbu, lakini unaona uani vizuri. Nikashika nondo nikapiga ukelele wa nguvu zangu zote. Nikaita mama mkubwa kwa jina. Nikaita nitoeni, nitoeni humu ndani.

Akaja, mwili wake mkubwa, mkono bado una mafuta ya pilau, uso umelowa machozi. Akasimama karibu hata ningeweza kumgusa vidole kama si ule wavu.

"Lia, mwanangu," akaniambia. "Lia tu, utoe yote."

Na wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza kulia upya pamoja nami. Mmoja akajitupa chini. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nao walivyoitikia, mpaka uani pote pakawa kilio. Umewahi kuomba msaada ukajibiwa kwa kusaidiwa kulia? Mimi naijua hali hiyo. Nilikuwa mahali pekee Dar es Salaam ambapo mwanamke anaweza kupiga ukelele dirishani mchana kweupe na watu wote wakaona ni sawa, tena ni vizuri. Mama mkubwa akajifuta akarudi kupakua chakula.

Nyuma yangu sauti ya Bibi ikauliza nani atakaa na watoto.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwomba. Nikamwambia nina mchumba, anangoja, nyumba ameshapata. Nikamwambia Bibi mwenyewe alinipa ruhusa. Niliposema hivyo uso wake ulibadilika kidogo, akanitazama kama mtu anayesikia jina la mtu anayemfahamu. Nikamwambia sitasema neno unalotaka, hata ukae mlangoni hapo mpaka kesho.

Akasema, "Basi nitamuuliza yule."

Akainua mkono, kidole kikaelekea dirishani. Nikageuka. Neema alikuwa uani peke yake kati ya watu wazima, ameshika sahani ya wali ambao hakuna aliyemsaidia kuula. Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa. Akaweka sahani chini taratibu na kuanza kuja kwenye dirisha. Alipita katikati ya miguu ya watu, hakuna aliyemgusa. Alikuwa haogopi tena. Nikamsikia akisema peke yake, "Bee, Bibi."

Nikamfokea arudi. Hakunisikia. Akafika chini ya dirisha, akainua uso, na macho yake hayakuwa kwangu, yalinipita yakaenda mlangoni. Yule mama akafungua kinywa amuulize.

Ndipo nilipoelewa maisha yote ya Bibi. Nilimwona msichana ndani ya chumba hiki hiki, ukuta ukiwa wa udongo, mama yake ametoka kuzikwa, watu wanakula nje, na mdogo wake anatambaa kuelekea mlangoni. Nikaelewa kwa nini hakwenda Tanga kwa mume wake. Nikaelewa ni nini alichokuwa anatujibu miaka yote ile na sisi tunajinyoosha kwenye mkeka tunacheka. Bibi hakukaa kwa sababu hakuwa na pa kwenda, na wala hakuwa mkaidi. Alimkinga mtu. Halafu akatupenda kwa moyo wake mwenyewe, hilo hakuna aliyemlazimisha, ukoko ule hakuna aliyemlazimisha kuula.

Nikasema, "Mimi. Mimi nakaa."

Neema akashtuka, akaanza kulia kama mtoto wa kawaida aliyepotea. Yule mama akashusha mkono. Akafungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, akalivua, akanivalisha, akanifunga kifungo cha buluu mwisho. Lilikuwa na joto la mtu aliyekuwa amelivaa muda mrefu, na baridi yangu ikaisha hapo hapo. Alipoinama kunifunga niliuona uso wake kwa karibu. Haukuwa uso wa Bibi wala wa mtu ninayemjua. Akasimama, akapisha mlango. Nilipotazama tena kilikuwa kimebaki kitenge cha kanisani, kimekunjwa vizuri juu ya godoro.

Nikatoka. Mama mkubwa Lusia alikuwa analeta sahani yangu, akaona nilichovaa, wali ukamwagika mguuni mwake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hatukumzika nalo. Mwanamke mmoja wa jumuiya akasema labda yalikuwa masweta mawili. Watu wakalishika jibu hilo haraka, wanalo mpaka leo. Mzee Kalinga peke yake ndiye aliyeniuliza yule mtani mwenzake amekwenda wapi, na nilipomuuliza ni wa ukoo gani, akavua kilemba cha Bibi akakaa chini.

Nilijaribu kuondoka, usidhani sikujaribu. Nilifika stendi, nikapanda basi la Mwanza na mizigo yangu. Basi lilipotoka getini simu ikaita, Neema ameanguka shuleni, homa kali, hazungumzi. Nikashuka. Nilipofika nyumbani alikuwa anaruka kamba. Nikajaribu tena baada ya muda, na safari hiyo Neema nilikuwa naye kwenye kiti cha pembeni. Akaanza kutetemeka hata dereva hajawasha gari. Sikujaribu tena. Deo alinisubiri kuliko ningevyotegemea mwanaume yeyote asubiri, akaja mwenyewe Tandika, akaniuliza kosa lake ni nini. Nilishindwa kumweleza. Ameoa huko, mke wake ni mwalimu, na huwa ananitumia salamu za Krismasi. Nikizipokea siku nzima sishoni kitu.

Watu wachache niliowaambia huniuliza, je, si alikuwa Bibi yako? Hapana. Bibi ndiye aliyenionya. Huyo alikuja na nguo zake na sauti yake, kwa kuwa alijua hakuna nyingine ningeifungulia mlango. Na linaloniumiza zaidi ni kwamba hata leo nikiulizwa upya, Neema akiwa pale chini ya dirisha, nitajibu neno lile lile. Nampenda yule mtoto. Ukinikuta nimenuna barazani, usidhani simpendi.

Sasa amekuwa msichana. Juzi alinikuta natoka jasho kwenye cherehani akaniuliza, "Mama, hilo sweta la nini na joto lote hili?" Nikasikia mdomo wangu unamjibu kwamba nikilivua nasikia baridi. Nikaacha kushona. Nikamkalisha karibu yangu nikamwambia kwamba siku mimi nikiondoka, na yeye aende, popote anapotaka, na mtu akija kumuuliza, asiseme anakaa.

Akacheka. Akaniambia naanza kuzeeka vibaya.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Mtani akija msibani kwenu, mcheke naye, lakini muulizeni ukoo wake, na mwenzake wa ukoo huo aitikie. Mfiwa msimfungie peke yake kwa kisingizio cha kumpumzisha. Na ukisikia siku moja Tandika kuna msiba wa fundi cherehani, njoo, hata kama hatujuani. Kaa karibu na dirisha la chumba cha uani. Neema akipiga kelele humo ndani, usimwambie alie. Vunja mlango.